Mjadala: Je, mhadhiri ana haki ya kulazimisha andiko ambalo chuo hakina?

Mtoa mada

Swali ninaloliweka mezani ni hili: je, chuo kikuu cha umma kimruhusu mhadhiri kuingiza katika orodha ya usomaji wa lazima andiko ambalo maktaba ya chuo haina, na ambalo mwanafunzi hawezi kulipata kwa njia halali bila kulilipia mwenyewe? Msimamo wangu ni kwamba kisimruhusu. Kazi ya kulitafuta andiko hilo iwe ya idara kabla ya muhula kuanza, isiwe mzigo wa mwanafunzi baada ya muhula kuanza.

Nasema haya nikiwa na kozi moja mawazoni, Jinsia na Elimu ya Sanaa, kwa sababu katika kozi hiyo tatizo linaonekana waziwazi kuliko katika uchumi au sheria. Kozi ya uchumi ikikosa kitabu kimoja, huwa kipo kingine cha kukishika mahali pake. Anayetaka kufundisha jinsi wanawake walivyoingia katika shule za sanaa za Afrika Mashariki hana wingi huo. Shule ya sanaa ya Makerere iliasisiwa na mwanamke, Margaret Trowell, katika miaka ya 1930, lakini Rosemary Karuga wa Kenya, anayetajwa kuwa mwanafunzi wa kwanza wa kike wa shule hiyo, aliingia mwaka 1950, na Theresa Musoke wa Uganda alihitimu shahada yake hapo miaka ya 1960. Maandishi yanayochambua historia hiyo ni machache, tena yametawanyika: mengine yamo katika majarida yanayolipiwa kwa dola, mengine katika katalogi za maonyesho zilizochapishwa Ulaya na Marekani kwa nakala chache, na mengine ni tasnifu ambazo hazijawahi kutoka kabatini. Hata maandishi ya Trowell mwenyewe hayajawa huru, kwa kuwa alifariki mwaka 1985, na sheria za Kenya na Tanzania hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, yaani hadi mwisho wa 2035.

Kinachotokea kila muhula kinajulikana. Mhadhiri humpa mwakilishi wa darasa nakala yake moja, naye huipeleka stationari iliyo nje ya geti, na ifikapo jioni kila mmoja ana kitini cha kurasa zilizofifia. Vinginevyo, pidiefu isiyojulikana ilikotoka huzungushwa katika kundi la WhatsApp. Utaratibu mzima unategemea ukiukaji wa sheria ambao kila mtu anaujua na hakuna anayekubali kuutia saini. Pale ambapo maktaba ina nakala moja, hiyo huazimwa kwa saa chache, ndani ya jengo, na zamu zinazobaki mara nyingi ni za usiku. Mwanafunzi aliyepanga mbali na chuo, mwenye mtoto mchanga, au anayeogopa kurudi peke yake kwa bodaboda, ndiye wa kwanza kuikosa zamu hiyo, na sihitaji kueleza ni jinsia ipi inayokumbwa zaidi na hali hizo. Ajabu ni kwamba tunalifundisha hilo darasani na hatulioni mlangoni mwa maktaba.

Mhadhiri wa sanaa

Ndugu mtoa mada, shabaha yako naiheshimu, lakini kanuni yako ikipitishwa, orodha ya usomaji haitapangwa tena na mwalimu. Itapangwa na upatikanaji. Idara yenye bajeti ndogo haitanunua chochote, itamwambia mhadhiri achague vilivyo bure. Sasa tuone vilivyo bure ni vipi. Jarida la Feminist Africa, lililoanza Cape Town mwaka 2002, liko wazi kwa kila msomaji, na machapisho mengi ya CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii barani Afrika lenye makao Dakar, yako wazi pia. Ni hazina kubwa, lakini kwa sehemu kubwa yanahusu siasa, sheria, uchumi na mwili, na ni machache mno yanayozungumzia mtoto wa kike anavyofundishwa kuchora, kufinyanga au kuchonga. Upande wa sanaa yenyewe, kinachopatikana kirahisi ni makala ya mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, Linda Nochlin, ya mwaka 1971, iliyouliza kwa nini hapakuwa na wanawake miongoni mwa wasanii wanaoitwa wakuu, na ambayo gazeti lililoichapisha limeiweka wazi mtandaoni. Naifundisha na nitaendelea kuifundisha. Hata hivyo, kozi iliyojengwa juu ya vya bure peke yake itamtoa mwanafunzi wa Dar es Salaam akijua hoja za New York kwa undani na bila kuwa na ukurasa hata mmoja kuhusu Musoke. Je, hiyo ndiyo haki unayoitaka?

Mkutubi

Naomba niongeze mambo ambayo wengi wetu hatuyajui, na baadhi yake yanawahusu wahadhiri moja kwa moja.

JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, ina mpango wa muda mrefu wa kuziruhusu taasisi nyingi za Afrika kuitumia bila ada au kwa ada ndogo, na mtu yeyote aliyejisajili kwa jina lake anaweza kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi kutoka katika majarida yaliyomo kwenye mpango wake mwingine wa wasomaji binafsi. Jarida la African Arts, lililoanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1967, linasomeka humo. Kwa hiyo sehemu ya yale yanayoitwa hayapatikani huwa hayajatafutwa. Orodha zenyewe hutufikia wiki ya tatu ya muhula, wakati agizo la kitabu kutoka ng'ambo linaweza kuchukua miezi.

Tatizo la pili halijatajwa, nalo ni picha. Katika makala za sanaa zilizowekwa mtandaoni hutokea maandishi yakabaki na picha ikaondolewa, kwa sababu mwenye haki ya picha si mwenye haki ya makala. Nakala ya stationari nayo hutoka nyeusi na nyeupe. Mwanafunzi anaambiwa ajadili matumizi ya rangi katika mchoro ambao yeye anauona kijivu, kisha anapewa alama ndogo kwa kutouona.

La tatu ni kwamba kurasa zilizopigwa picha na kugeuzwa pidiefu hazisomeki kwa programu za kusoma kwa sauti wanazotumia wanafunzi wasioona. Kenya na Tanzania zimejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu kazi zibadilishwe muundo kwa ajili yao. Ruhusa tunayo, lakini kazi ya kubadilisha haifanywi.

Mchoraji, Dar es Salaam

Nyote mnazungumza kana kwamba mwenye haki ni kampuni ya Uingereza tu. Mimi ni mchoraji, nilichapisha kijitabu cha kazi zangu kwa fedha zangu, na nimekikuta kimedurufiwa chote, pamoja na jalada, kikiuzwa kama kitini cha kozi inayozungumzia wanawake wasiolipwa katika sanaa. Hakuna aliyenipigia simu, ingawa namba yangu iko ukurasa wa mwisho. Mkihalalisha vitini, anayefaidika ni mwenye mashine. Mchapishaji wa ng'ambo atavumilia, lakini mchapishaji mdogo wa hapa hatachapisha toleo la pili, kisha mtalalamika tena kwamba hakuna vitabu kuhusu wasanii wa kike wa Tanzania.

Mtoa mada

Nianze na Mchoraji, kwa kuwa hoja yake ndiyo nzito zaidi. Kitabu kinachouzwa madukani hapa nchini hakipaswi kuingia katika kitini hata kidogo. Idara inunue nakala, na napendekeza angalau moja kwa kila wanafunzi kumi. Gharama hiyo haifanani na ya usajili wa jarida la kimataifa. Kazi iliyoisha sokoni, au sura moja ya kitabu cha ng'ambo ambacho mwanafunzi asingekinunua kwa vyovyote, ni suala jingine.

Kuhusu suala hilo jingine, tuiangalie India. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, yaani Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walilishtaki duka la kudurufu la Rameshwari lililomo katika Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe, kwa sababu ya vitini vya kozi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ilikataa madai yao. Katika rufaa, mwaka huohuo, majaji walikubali kwamba sheria inaruhusu kunakili kwa ajili ya kufundishia kwa kadiri inayohitajika, na mwaka 2017 wachapishaji waliiondoa kesi. Kilichowasaidia wanafunzi wa Delhi ni kifungu kipana cha kufundishia kilichomo katika sheria ya India. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ni finyu zaidi: mkusanyiko wa shule au chuo kikuu unaruhusiwa kuchukua kutoka kazi moja vifungu vifupi visivyozidi viwili, mradi jina la kazi na la mwandishi litajwe. Vifungu viwili vifupi havitoshi kufundishia hoja ya kurasa thelathini. Hapo ndipo sheria inapohitaji kubadilishwa kwa uwazi, badala ya sote kuendelea kuivunja kimyakimya.

Kwako Mhadhiri, sikusema orodha iwe ya vya bure. Nimesema gharama ibebwe na chuo. Kama andiko kuhusu Musoke ni muhimu kiasi hicho, na nakubali kwamba ni muhimu, basi ndilo la kwanza kununuliwa. Tena makala nyingi za majarida haziwaingizii waandishi wake chochote, na mwandishi akiombwa kwa barua pepe nakala ya kazi yake mara nyingi huituma. Barua hiyo aiandike mhadhiri mmoja, wasiiandike wanafunzi themanini.

Mhadhiri wa sanaa

Hilo la barua nalikubali, na orodha kufika maktaba kabla ya muhula nalikubali pia. Nisilolikubali ni kufungwa mikono katikati ya muhula. Sanaa haisubiri kalenda ya manunuzi: onyesho linafunguliwa Nairobi mwezi wa pili wa masomo, katalogi inatoka, nami nataka wanafunzi waisome wiki hiyohiyo, wakati mchoraji mwenyewe bado yupo na anaweza kuulizwa maswali.

Mtoa mada

Waisome. Ilete yako darasani, iweke mezani, wapokezane na waijadili, na anayeweza kwenda Nairobi aende. Ninachokikataa ni kwamba andiko lililofika kwa njia hiyo, ambalo waliokosa kipindi cha siku hiyo hawana mahali pa kulipata, litungiwe swali la lazima katika mtihani wa mwisho.