Kwa nini sura moja hutuvutia sote, na nyingine hutugawa?

Swali
Ndugu zangu, sebuleni kwetu kuna picha ya marehemu bibi, Mmakonde wa Newala, mwenye ndonya, yaani pambo linalovaliwa kwenye tundu la mdomo wa juu, na chale mashavuni. Babu husema hajaona mwanamke aliyemshinda kwa uzuri, ilhali wanangu huigeuza picha hiyo ielekee ukutani. Lakini jirani yetu mmoja akipita, babu na wajukuu humsifu kwa kauli moja. Je, uzuri wa sura hutoka wapi?

Jibu la kwanza
Hapo mnapokubaliana pamechunguzwa sana. Mwaka 1878 Mwingereza Francis Galton alizipandanisha picha za wahalifu akitafuta sura ya uhalifu, akapata uso uliopendeza kuliko wa kila mmoja wao. Mwaka 1990 Judith Langlois na Lori Roggman wa Marekani walichanganya kwa kompyuta nyuso 32, na uso uliopatikana ukaonekana mzuri kuliko nyingi kati ya hizo zilizouunda. Inaelekea ubongo hujitungia wastani wa nyuso ulizozizoea, na uso ulio karibu na wastani huo huupokea kwa wepesi.

Jibu la pili
Naongezea ushahidi wa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2007 Coren Apicella na wenzake walichapisha utafiti juu ya Wahadzabe, ambao walipendelea nyuso za wastani zilipokuwa za Kihadzabe, lakini si zilipokuwa za Wazungu, watu ambao hawakuwa wamewazoea. Kwa hiyo wastani huo hufuata mahali macho yalipolelewa. Babu alikua akiona ndonya kila siku. Wanao wameiona pichani tu.

Jibu la tatu
Nakubali kwa kiasi, ila mazoea peke yake hayatoshi. Ndonya na chale si maumbile. Ni mapambo yaliyopatikana kwa maumivu, nayo yalimtambulisha mwanamke kuwa ni wa watu gani. Babu anauona uso huo na kuusoma, na watoto hawajafundishwa kuusoma.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Jana jioni nilimwomba babu awasimulie wajukuu habari za picha ile. Kitinda mimba wangu akauliza bibi alikunywaje uji, naye babu akashika kikombe, akainua mdomo wake wa juu kwa vidole viwili, akamwonyesha. Mtoto akaenda kuitazama picha kwa karibu, na mpaka asubuhi hii hakuna aliyeigeuza.