Watoto wa jirani wanashinda na mbwa wasio na mwenyewe: nianzie wapi?

Mama Mikindani: Ndugu zangu, naomba ushauri. Mtaani kwetu, pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara Mikindani, wapo watoto wawili ambao tangu msimu wa korosho uanze wanashinda peke yao kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia, kwa sababu mama yao huenda kuokota korosho katika mashamba ya watu na baba yao hajulikani alipo. Chakula wanachopewa na majirani hukila pamoja na mbwa wanaozunguka jalalani, na mchana hulala nao barazani. Jana mdogo alikwaruzwa mguuni kwa jino walipokuwa wakigombea kipande cha muhogo. Mama yao ni mtu mwema aliyeelemewa, nami naogopa kwamba nikilifikisha jambo hili serikalini atanyang'anywa watoto. Wanaume wa mtaa nao wanataka mbwa wote watiliwe sumu.

Muuguzi Mstaafu, Lindi: Mwanangu, anza na ule mguu, tena leo hii. Uosheni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, msipake mafuta ya taa wala majani, kisha mpelekeni mtoto hospitali akapate chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna tiba, lakini chanjo ikiwahi hukizuia. Mbwa huyo aangaliwe kwa siku 10, ila msingoje siku hizo ziishe ndipo mwende. Mkagueni na yule mkubwa, kwa maana watoto huficha majeraha wakiogopa kuchapwa.

Mganga wa Mifugo: Sumu haichagui, na watoto wanaookota chakula jalalani ndio watakaoanza kuila. Isitoshe, mbwa wakiuawa, wengine huhamia palepale maadamu taka zipo. Kinachokata ugonjwa huu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Mwenyekiti wa mtaa amwone afisa mifugo, na jalala liondolewe.

Mjumbe wa Mtaa: Dada, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo kunyamaza si hiari yako. Hata hivyo, usiende kumshtaki mwenzako. Mwende pamoja kwa afisa ustawi wa jamii, naye aeleze mwenyewe hali yake. Kumtenga mtoto na mzazi si hatua ya kwanza.

Mama Mikindani: Nawashukuru sana. Mtoto ameanza chanjo asubuhi hii. Je, mama yake akikataa kwenda kwa kuogopa kupoteza kibarua?

Mjumbe wa Mtaa: Basi piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Wakati huohuo, akina mama wawili au watatu mpokezane kuwalisha watoto hao ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, mpaka msimu uishe.