Nimetoa sehemu kubwa ya malipo ya awali ya nyumba: nijilinde vipi?

Mnunuzi wa Ruaka:
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mimi na mchumba wangu tunanunua nyumba ya ghorofani Ruaka kwa shilingi milioni 8, na harusi itafuata miezi michache baadaye. Benki inatukopesha milioni 6.4. Katika milioni 1.6 iliyobaki, mimi natoa milioni 1.2 nilizodunduliza katika chama cha akiba na mikopo, naye anatoa laki 4. Marejesho ya kila mwezi tutachanga sawa. Simshuku kwa lolote, lakini mama ameniuliza swali nililoshindwa kulijibu: mambo yakiharibika, ile ziada ya laki 8 imeandikwa wapi? Wakili wa muuzaji anasema majina yetu mawili kwenye hati miliki yanatosha. Je, ni kweli?

Kalamu ya Parklands:
Hayatoshi, dada. Kwa mujibu wa kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, hati ya uhamisho isipoeleza aina ya umiliki, wanunuzi huchukuliwa kuwa na mafungu yaliyo sawa; kwa hiyo mkinyamaza, sheria itawasemea, nayo itasema nusu kwa nusu. Iko aina nyingine ya umiliki wa pamoja usio na mafungu, ambapo mmoja akifariki nyumba nzima humwendea aliyebaki, lakini tangu sheria hiyo ianze, aina hiyo ni ya wanandoa tu, isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo. Kwenu inafaa umiliki wa mafungu, ambao kila fungu huandikwa na mwenyewe akifariki huwaendea warithi wake. Ukijumlisha malipo ya awali na nusu ya mkopo, wewe utakuwa umetoa milioni 4.4 na yeye milioni 3.6, yaani asilimia 55 kwa 45. Tafuteni pia wakili wenu, kwa sababu huyo wa muuzaji analipwa kumlinda muuzaji.

Mhasibu Mstaafu:
Katika sheria sina neno. Naomba kutofautiana na aliyetangulia katika hesabu. Tuseme mmeachana mwaka wa tatu, nyumba ikauzwa kwa bei ileile ya milioni 8, na deni la benki bado ni milioni 6. Zinabaki milioni 2. Asilimia 55 yake ni milioni 1.1, yaani hata malipo yako ya awali hayajarudi yote, ilhali mwenzako aliyetoa laki 4 anaondoka na laki 9! Asilimia hiyo imehesabiwa kana kwamba mkopo umekwisha kulipwa, na miaka ya mwanzo karibu hakuna kilicholipwa isipokuwa riba.

Kwa hiyo andikeni mkataba unaopanga fedha za mauzo kwa zamu: kwanza benki na gharama za mauzo, kisha kila mmoja arudishiwe malipo yake ya awali, na baki ndiyo igawanywe sawa. Kwa mfano huohuo utapata milioni 1.4 na yeye laki 6. Ni kweli kwamba mkiumaliza mkopo na nyumba ikafika milioni 12, asilimia 55 ingekupa milioni 6.6 na mpango huu milioni 6.4, lakini nionavyo mimi hatari yako iko katika miaka ya mwanzo. Mkataba utaje pia nani atabeba hasara bei ikishuka, na itakuwaje mmoja akikwama kulipa, maana benki haitambui mafungu yenu: itamdai yeyote kati yenu deni lote.

Mkazi wa Nyali:
Msisahau harusi. Mkishaoana na nyumba hiyo ikawa makao yenu, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inaingia, na huko mchango si fedha pekee. Kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango pia. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila mmoja athibitishe alichochangia. Siku hiyohiyo, katika kesi ya watu wawili ambao mahakama iliona hawakuwa wameoana, iligawa mali asilimia 70 kwa 30. Kesi zote mbili zilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Mkataba ungewapunguzia wahusika usumbufu huo.

Kifungu cha 6 cha Sheria hiyo ya Mali ya Wanandoa kinawaruhusu wachumba kufunga mkataba wa mali kabla ya ndoa, kwa hiyo usisubiri fungate. Mahakama inaweza kuutengua ikiwa uliletwa na udanganyifu au shuruti, au ikiwa ni dhuluma ya wazi. Na kama ninyi ni Waislamu, kifungu cha 3 kinawapa nafasi ya kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa.

Mnunuzi wa Ruaka:
Ahsanteni sana. Je, wakili mmoja anaweza kutuandikia sote wawili mkataba huo?

Mkazi wa Nyali:
Anaweza kuuandika, ila mchumba wako apate wake wa kumsomea na kumshauri kabla ya kutia sahihi, ili asije akadai baadaye kwamba alishurutishwa. Weka pia taarifa za akaunti zinazoonyesha zile milioni 1.2 zikitoka kwako.