Mwenyekiti wetu wa tawi kakatwa jina kimya kimya, wanachama tumechoka na hii mizengwe

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie. Chama sitaji na kata sitaji, wahusika wakisoma watajijua.

Tuna mama yetu hapa, mwenyekiti wa tawi miaka mitano sasa. Asubuhi anachoma vitumbua, jioni anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Alipolipokea hili tawi lilikuwa bendera tu iliyochanika juu ya mlingoti, wanachama wa kulipa ada hata arobaini hawafiki, leo daftari limepita watu mia mbili na kila mtu ada yake imeandikwa na tarehe. Msiba ukitokea yeye ndo wa kwanza kufika, mtu kalazwa yeye ndo anapitisha mchango. Uchaguzi wa serikali za mitaa Novemba 2024 nani alitugongea milango alfajiri tukapange foleni? Ni yeye, na mguu umevimba, na vocha za kutupigia simu katoa kwenye hela ya vitumbua.

Sasa kachukua fomu kutetea nafasi yake, kajaza, karudisha ndani ya muda, mimi mwenyewe nilimsindikiza. Orodha inabandikwa ukutani, jina hakuna! Tukaenda kuuliza mara tunaambiwa fomu haionekani, mara ina kasoro. Kasoro gani? Hasemi mtu. Jamani kama haionekani hiyo kasoro mmeisoma wapi?

Aliyebaki ni mgombea mmoja tu, mtu wa tajiri fulani anayeutaka udiwani. Kwa wasiojua, tawi halina mshahara wala posho, lakini wajumbe wa mkutano wa kata wanatoka matawini, ukishika matawi umeshika kata, ndo maana watu wanapanga safu kuanzia huku chini. Wiki moja tu zimetoka kadi mpya zaidi ya sitini za watu ambao hata mabalozi wa mashina hawawajui, yani mapandikizi mchana kweupe, na usiku bahasha zinatembea elfu tano tano wanasema ni nauli. Nauli ya kwenda wapi wakati mkutano uko hapa hapa mtaani? Takrima, yani zile zawadi za mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliikataa tangu 2006, huku kwetu wameibadilisha jina tu.

Mimi sisemi mama apewe bure. Kama hafai tumwangushe kwa kura, atapokea. Januari 2025 wenzetu wa Chadema wamekesha Mlimani City wakichagua mwenyekiti wa taifa, kura zikahesabiwa, Lissu 513 Mbowe 482, na Mbowe aliyekaa kwenye kiti tangu 2004 akakubali matokeo. Kura 31 tu! Sisi tawi la watu mia mbili tunashindwa nini kuwaweka wote wawili tukapiga kura?

Kinachoniuma zaidi juzi nimemkuta mama kakaa kwenye kigoda, daftari mapajani, ananiuliza, "Mwanangu, nilikosea wapi?" Nilikosa jibu.

Rufaa tumeandika nakala tatu, wanachama 87 tumesaini. Ofisini wamekataa kuipokea, wanasema mwenye muhuri kasafiri. Jumatatu saa mbili asubuhi tunarudi wote na daftari letu, na hatutoki mpaka nakala yetu igongwe muhuri. Wa tawi letu mnaosoma hapa, njooni.