Uliwahi kushushwa kwenye basi ukaambiwa wewe si raia? Tupeane uzoefu, hasa wa Kondoa na Dodoma

Mrangi wa Bicha (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Mrefu, mwembamba, pua ya upanga. Sura nimeichukua kwa bibi mzaa mama, Mburunge, na ndiyo inayoniponza. Nikipanda basi la Babati kuja Dodoma na njiani kukawa na kizuizi, abiria wa kwanza kuulizwa ni mimi.

Ya mwezi uliopita ndiyo imenifanya nilete huu uzi. Ofisa kapanda, viti vya mbele kavipita kama havina watu, moja kwa moja mpaka kwangu. "Kitambulisho." Cha NIDA nimekiacha nyumbani, namba iko kwenye simu, na simu imezima. "Kwenu wapi?" Bicha. "Mwenyekiti wa mtaa nani?" Nikamtaja. Akanitazama kama mtu aliyekariri. Halafu akauliza: "Haya, mlenda unapikwaje?"

Nikaanza. Unachemsha maji, magadi kidogo, unatia unga wa mlenda mkavu huku unapekecha usifanye madonge. Nilipofika kwenye karanga, mama mmoja wa Kigogo kiti cha nyuma akadakia: "Karanga za nini kwenye mlenda? Huyo si wa huku!" Basi zima likalipuka. Konda anatetea karanga, mzee wa dirishani anasema nyanya ndiyo kosa. Ofisa akashuka huku anacheka.

Mimi nilicheka nilipofika stendi. Pale kwenye kiti miguu ilikuwa inatetemeka. Leteni yenu.

Tingo Mstaafu
Pole mkuu, ila tusiwalaumu sana, barabara hiyo ina mambo yake. Waethiopia wanaoitafuta Afrika Kusini wanashukia huko juu, wanapita Dodoma na Iringa, lengo Tunduma.

Nilikuwa tingo wa fuso, tunabeba mahindi Kibaigwa. Siku moja kaja jamaa, viatu vinang'aa sokoni kwenye vumbi lile, akamwambia dereva wangu ana "mzigo unaotembea", tufunike turubai tu na magunia machache juu. Pesa aliyotaja ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa miezi minne. Dereva akaniangalia, mimi nikaangalia tairi. Akakataa, na si kwa uchamungu, alikuwa na shemeji yake ndani kwa kesi hiyohiyo. Sheria ya kusafirisha wahamiaji haramu haina mzaha, milioni 20 au miaka 20. Jamaa akahamia fuso la jirani. Sikuuliza waliishia wapi.

Mwana Kongwa
Tingo, hilo turubai unalolitaja mimi najua linavyoua. Juni 2012 nilikuwa nyumbani Kongwa. Miili zaidi ya 40 ya Waethiopia ilikutwa porini Chitego. Walikosa hewa ndani ya lori, wakatupwa pale pamoja na wenzao waliokuwa bado hai. Baba yangu mdogo ni miongoni mwa waliowapelekea maji. Anasema hawakuwa na Kiswahili hata cha neno moja, walikuwa wanainua tu kiganja mdomoni. Alibeba dumu la lita 20, likaisha kabla hajafika mtu wa sita. Mpaka leo lori likisimama usiku karibu na kwake anatoka kulichungulia.

Kada wa Area C
Usalama wa nchi kwanza. Mipaka ikilegea tutalia.

Mwalimu Mstaarabu
Kada, sibishi, ila kumbuka Garissa, Aprili 2015, watu 148 waliuawa chuoni. Mmoja wa waliohukumiwa na mahakama ya Kenya mwaka 2019 alikuwa Mtanzania, kijana wa kidato cha 5 wa sekondari moja hapahapa Dodoma. Huyo angepanda basi la mleta mada angekaa siti ya mbele, Kiswahili safi, mlenda anaujua, na asingeulizwa hata jina. Kwa hiyo hiyo pua ya upanga inatusaidia nini?

Mpwapwa One
Mimi kilichonitesa ni pasipoti. Wakataka cheti cha kuzaliwa cha mzee. Mzee kazaliwa 1948 kwa mkunga wa jadi, nani alimwandikia cheti? Kiapo, barua ya mtendaji, nenda rudi. Niliipata.

Mama wa Nkuhungu
Nimesoma kimyakimya, acha nami niseme. Nilipangisha chumba kwa vijana wawili, kodi ya miezi mitatu mkononi. Asubuhi moja nafagia uani, nikaona ndala mlangoni. Nikahesabu jozi 14. Wapangaji wawili, ndala 14! Nikaenda kwa mjumbe, jioni gari likaja.

Walitoka mmojammoja wameinamisha vichwa. Wa mwisho mtoto kabisa, rika la mwanangu aliyekuwa darasa la saba. Alirudi ndani akatoka na sufuria yangu niliyowaazima, ameiosha, akanipa kwa mikono miwili. Ile sufuria sikuipikia tena.

Januari 2021, hayati Magufuli alipotangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa magereza yetu, nilikaa kwenye redio kama wangesoma majina.

Tingo Mstaafu
Dah. Mama, ulifanya ulilotakiwa kufanya.

Mama wa Nkuhungu
Najua, mwanangu.

Mpwapwa One
Mleta mada, hujatujibu. Karanga unaweka au huweki?

Mrangi wa Bicha (mleta mada)
Naweka. Ila nikiwa na safari, siweki.