Vipindi vya "alifungwa bila kosa": vinatufumbua macho au vinatupoteza?

Mlimazabibu, Hombolo (mleta mada)
Wakuu, heri ya Jumapili. Jana mdogo wangu kanikalisha tutazame kisa cha wale vijana watano wa New York. Kwa asiyekijua: mwaka 1989 mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi Central Park alibakwa na kupigwa nusura afe. Polisi wakakamata vijana wa miaka 14 hadi 16, wakawahoji kwa saa nyingi, wanne wakakiri mbele ya kamera. Vinasaba havikuwa vyao, lakini wakafungwa hivyo hivyo. Mwaka 2002 mfungwa mwingine akajitaja, vinasaba vikamkubali, hukumu zikafutwa.

Mdogo wangu alilia. Mimi nikabaki na hasira nyingine. Vipindi hivi vinatuzoesha kuamini kwamba haki ikipotea itapatikana tu, ipo kwenye kichupa fulani maabara. Huku kwetu mtu anakula miaka 30 ya unyang'anyi wa kutumia silaha kwa neno moja: "nilimtambua". Umemtambua usiku wa manane, koroboi imezimika, panga liko shingoni! Hapo utampelekea Mkemia Mkuu nini apime? Nasema vinatupoteza. Nipingeni.

Binti_Kondoa
Nakupinga mapema. Kabla sijakiona hicho kisa nilikuwa nasema kama wanavyosema wote kijiweni: "Kama hakufanya, alikiri ili iweje?" Sasa najua mtoto wa miaka 14 anaweza kukiri ili tu arudi kwa mama yake. Hilo sikufundishwa shule wala msikitini. Televisheni ndiyo imenitoa huo ujinga, acha niipe haki yake.

Chizi_wa_Sabasaba
Bando la kutazama hayo yote mnalipata wapi? Mimi nasubiri ifike kibanda umiza ikiwa imetafsiriwa.

NjeYaKizimba
Mimi ni wakili, niongeze moja. Mwaka 1980, kesi ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilishasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ndipo yakaja maswali ambayo kila wakili ameyakariri: ulimwona kwa muda gani, ukiwa umbali gani, mwanga wa nini, ulikuwa unamfahamu kabla?

Niambieni ni kipindi gani kitakaa robo saa kuuliza kama ile taa ilikuwa chemli au kibatari, na ilitundikwa wapi. Mtazamaji atahamisha chaneli. Na aliye kizimbani naye hajui kuyauliza. Kwa miaka mingi mshtakiwa wa mauaji Mahakama Kuu alipewa wakili kwa gharama za serikali, ila huyu wa unyang'anyi mahakama ya wilaya akajitetea mwenyewe, miaka 30 ikimsubiri. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliikuta Tanzania na kosa hilo mwaka 2015. Mwaka 2019 nchi ikaondoa ruhusa ya mtu binafsi kwenda moja kwa moja mahakama ile. Kipindi cha jambo hili sijakiona.

MzeeWaNkuhungu
Wanangu, mnamlilia mfungwa tu. Duka la ndugu yangu lilivamiwa, nikiwemo. Kijana wake alikatwa mkononi, hadi leo vidole viwili havikunji. Mshtakiwa akafungwa, akakata rufaa, akaachiwa, eti utambuzi haukukamilika. Kuachiwa na kutokuwa na kosa ni mambo mawili. Nani atatengeneza kipindi cha vile vidole?

Fundi_Redio
Mzee ana hoja. Kuna Mmarekani, Steven Avery. Alikaa jela miaka 18 kwa ubakaji, mwaka 2003 vinasaba vikamtoa. Mwaka 2007 akatiwa hatiani kwa mauaji ya msichana. Netflix wakamtolea kipindi mwaka 2015, watu zaidi ya laki moja wakasaini ombi la kumtaka Rais amsamehe. Wangapi kati yao walisoma hata ukurasa mmoja wa mwenendo wa kesi? Kakosewa mara ya kwanza, kwa hiyo na ya pili kakosewa. Huo ni ushabiki wa Simba na Yanga.

Mlimazabibu
Binti_Kondoa, la kukiri nimekubali, sibishi tena. La vinasaba sirudi nyuma. Fundi, hapo kwa Avery umenishika, kwa sababu mimi mwenyewe ningesaini.

Binti_Kondoa
Shikamoo Mzee wa Nkuhungu. Pole sana kwa kijana. Naomba kuuliza kwa heshima: usiku ule dukani kulikuwa na mwanga gani?

MzeeWaNkuhungu
Marahaba mwanangu. Umeme ulikuwa umekatika. Kulikuwa na tochi.

NjeYaKizimba
Tochi ya nani, mzee?

MzeeWaNkuhungu
Ya kwao. Walikuwa wanatumulika sisi usoni. Lakini sauti yake naijua.