Panya wa sembe wamedumaa, nimekosea wapi?

Mwana_Mafinga: Shikamooni wakuu. Mradi wa chuo, niko Iringa. Panya weupe 12, niliwaachisha ziwa siku ya 21. Sita nawapa sembe, mafuta, chumvi na vitamini. Sita sembe hiyohiyo na maharage ya Uyole ya kuchemsha. Wiki ya tatu, wa maharage wamejaa, wa sembe vidole gumba tu, na chakula wanabakiza! Mizani mbovu?

Mzee_wa_Maabara: Marahaba. Mizani haina kosa, mwanangu. Zeini, protini kuu ya mahindi, haina laisini wala triptofani, yaani amino asidi (vijenzi vya protini) ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Watafiti Osborne na Mendel waliwaonyesha watu hilo Marekani mwaka 1914: zeini ikiwa protini pekee, panya walikonda, ilipoongezwa triptofani uzito ukasimama, na laisini juu yake, wakakua. Maharage yana laisini tele. Kubakiza nako si ajabu, amino asidi ikipungua hamu hukata.

Dada_Tukuyu: Sakafu ni ya wavu? Panya hula mavi yake (ndiyo, usishangae), anajirudishia vitamini B; wavu huyadondosha chini asiyapate. Halafu baridi ya Iringa Julai hii! Akitetemeka, chakula kinaishia kwenye joto.

Mwana_Mafinga: Wavu upo dada. Ila baridi... kizimba cha sembe ndicho kiko dirishani. Nakihamisha sasa hivi, naanza upya.